Mwongozaji na Haki ya Waliokufa

Mgeni anayeingia katika mji asioujua hana budi kuazima macho ya mwenyeji. Ataona ukuta, lakini hatajua ulijengwa na mikono ya nani. Ataona mlango, lakini hatajua nani aliruhusiwa kuupita na nani alizuiwa. Kwa hiyo kazi ya mtu anayewatembeza wageni katika mitaa ya kale, ijapokuwa hulipwa ujira kama kazi nyingine yoyote, ni kazi ya amana. Anayemsikiliza hana njia ya kumsahihisha. Na wale ambao habari zao husimuliwa, kwa kuwa wamekwisha kufa, hawana njia hiyo pia.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kazi hii huanza asubuhi kwenye bustani ya Forodhani. Kundi la watu watano, sita au kumi hukusanyika mbele ya kijana mwenye kitambulisho kifuani, na baada ya maamkizi machache huingia katika vichochoro vya Shangani, Hurumzi na Kiponda, ambamo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani ili mwenzake apite. Wapo pia wasio na kitambulisho, ambao huwavizia wageni bandarini, na mji umewapa jina la papasi, yule mdudu aumaye na kuganda ngozini. Jina hilo ni kali kuliko kosa lao. Baadhi yao huijua mitaa kuliko wenye vitambulisho, na swali ninalotaka kulipima linawahusu wote sawasawa: Je, ni halali kumwambia msikilizaji jambo lisilo kweli ili apate kuijua kweli?

Simo katika kuhukumu kila neno lililotiwa chumvi. Hadithi ya njiani bila chumvi hailiki. Mwongozaji mmoja atasema kuwa vita vya tarehe 27 Agosti 1896, wakati manowari za Waingereza zilipoipiga kwa mizinga ikulu ya Khalid bin Barghash, vilidumu dakika 38. Mwingine atasema 45. Na aliyeuawa siku ile hapungukiwi wala haongezewi kitu na tofauti hiyo. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, wakaambiwa kuwa mafundi walizigeuza wakati Askofu alipokuwa safarini. Wageni hucheka, na Askofu, ambaye amelala katika kanisa hilohilo, sidhani kama hukasirika.

Lakini ipo hatua ambayo chumvi huacha kuwa chumvi. Miimo ya milango mingi ya Zanzibar imezungushiwa nakshi ya mnyororo. Mwongozaji mmoja husema kuwa mnyororo huo ni alama ya ulinzi wa nyumba na waliomo. Mwingine huweka kiganja juu yake, akashusha sauti, akasema kuwa mwenye nyumba hii alikuwa akiuza watu. Hapo kamera hutolewa mifukoni. Ndani ya nyumba ile wanaishi watu; mama anapika, watoto wanajiandaa kwenda chuoni; na babu yao amekwisha kuhukumiwa kizingitini pake kwa ushahidi wa nakshi ambayo fundi aliichonga katika nyumba za kila aina ya watu. Pengine babu yule aliuza watu kweli. Pengine aliuza ngozi au pembe. Mnyororo wa mti haujui.

Mahali ambapo swali hili huwa zito kuliko pote ni Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, la mwisho la wazi katika mji huu, ambapo kila mwaka maelfu ya watu waliotolewa bara walipangwa, wakakaguliwa meno na viungo, wakanunuliwa. Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash, akiwa ametishiwa na Waingereza kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari, alitia saini mkataba wa kulifunga. Siku ya Krismasi mwaka huohuo misheni ya Kianglikana iliweka jiwe la msingi wa kanisa katika uwanja ule, na ujenzi ukasimamiwa na Askofu Edward Steere, mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa sarufi yake na kwa ngano alizozikusanya na kuzichapisha mwaka 1870. Haya yote ni kweli, na yanatosha kumfanya mtu mwenye moyo asimame kimya.

Lakini mgeni haachwi asimame hapo. Huongozwa mpaka kwenye jengo lililo jirani, akateremshwa ngazi chache, akainama kupita mlango mfupi, akajikuta katika chumba kisichomruhusu mtu mrefu kunyoosha shingo. Kuna vibaraza vya mawe kila upande, na mianya myembamba ipitishayo mwanga kidogo. Kuna minyororo. Mwongozaji hutaja idadi ya waliojazwa humo, na siku walizokaa bila chakula, na jinsi walio dhaifu walivyokufa kwa kukosa pumzi. Mara nyingi yuko mtu katika kundi anayelia, na si vyema kulidharau chozi lake.

Tatizo ni kwamba jengo hilo lilijengwa na misheni, kwa ajili ya hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamelieleza jambo hili kwa maandishi, na halihitaji elimu kubwa kulifahamu: chumba kilicho chini ya nyumba hakiwezi kuwa jela ya soko lililokufa kabla nyumba yenyewe haijajengwa. Waongozaji wengi wamepata kuyasikia hayo. Hata hivyo kundi la kesho litateremshwa ngazi kama la jana.

Anayemtetea mwongozaji ana hoja, na hoja yake si nyepesi hata kidogo. Husema hivi: Tazama ni nini kilichobaki katika mji huu. Bwana ameacha jumba, ameacha mlango, ameacha kaburi lenye maandishi. Mtumwa hakuacha kitu. Alilala penye makuti, na makuti yameoza. Alizikwa pasipo jiwe. Ikiwa tutawaonyesha wageni yale tu yaliyosimama, basi matembezi yote yatakuwa sifa za wenye nyumba za mawe, na waliowabebea mawe watakufa mara ya pili. Chumba kile, hata kama si chenyewe, hujazia pengo ambalo dhuluma yenyewe ililiacha. Uongo wa tarehe, husema mtetezi huyu, ni bei ndogo ya kulipia kweli kubwa namna hiyo.

Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu, na naikubali nusu yake. Ni kweli kwamba mawe humpendelea tajiri. Lakini dawa ya pengo imekwisha kupatikana katika uwanja uleule, hatua chache kutoka kwenye ngazi zile. Mwaka 1998 mchongaji wa Uswidi, Clara Sörnäs, aliweka hapo sanamu za watu watano ndani ya shimo, mnyororo ukiwaunganisha shingo kwa shingo. Hakuna mtu aliyezitazama akadhani kuwa sanamu hizo zilikuwapo siku za mnada. Zinasema waziwazi: sisi ni mfano. Kwa sababu zinasema hivyo, mtazamaji hawezi kudanganyika nazo, na uzito wake haupungui kwa kuijua hali hiyo. Laiti mwongozaji angesimama mlangoni mwa chumba akasema, "Chumba hiki ni cha hospitali ya zamani, ninawaingiza humu ili mpate kuwaza hali ya watu waliofungiwa mahali pengine," asingekuwa amemkosea mtu yeyote. Kati ya mfano na uongo ipo sentensi moja tu, na sentensi hiyo haimgharimu hata dakika.

Nusu ya hoja nisiyoikubali ni ile isemayo kuwa kosa ni la tarehe tu. Chumba hukosea jambo kubwa zaidi, nalo ni sura ya utumwa wenyewe. Anayetoka humo huondoka na picha ya mwili uliofungwa gizani kwa siku tatu. Lakini aliyenunuliwa Mkunazini hakukaa shimoni. Alikwenda mahali akaishi, na ndiko utumwa ulikomkuta. Wengi walikwenda mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wakachuma na kupalilia mpaka uzee. Wengine walibaki mjini kama wapagazi, wapishi, mabaharia na mafundi. Wako waliokodishwa kwa kutwa, na sehemu ya ujira wao ikawa ya bwana. Hao ndio walioitwa vibarua, kwa ajili ya ile barua ndogo, yaani cheti, waliyopewa kazini, nasi tunalitumia neno hilo kila siku bila kukumbuka limetoka wapi. Wanawake wengi walifanywa masuria, wakazaa watoto walio huru katika nyumba ambazo wao wenyewe hawakuwa huru.

Tena utumwa haukwisha siku soko lilipofungwa. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara. Hali ya utumwa yenyewe iliendelea kutambuliwa na sheria hadi Aprili 1897, na masuria walisubiri mpaka sheria ya 1909. Miaka 36 baina ya mkataba na sheria hiyo haina chumba cha kuonyeshwa. Mgeni hupanda ngazi akidhani kuwa jambo lilianzia shimoni na likaishia kanisani, na hadithi ikamkamilikia vizuri kuliko ilivyowakamilikia wenyewe.

Kuna na madhara mengine, ambayo mtu wa mbali huenda asiyaone. Wapo, hapa na ng'ambo ya bahari, watu wapendao kusema kuwa utumwa wa pwani ulikuwa jambo dogo, la upole, lililokuzwa na wamisheni na wakoloni ili wapate kisingizio cha kututawala. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kutafuta hoja. Anahitaji chumba kimoja tu cha uongo, akakinyooshea kidole, akasema: mmeona? Na waliobaki kimya wakati chumba kilipokuwa kikiliza watu hawatakuwa na la kumjibu. Hivyo yule aliyeongopa kwa kuwapenda waliodhulumiwa humwekea akiba ya silaha anayewakana.

Wala silaha za aina hii si mpya visiwani. Baina ya 1957 na 1963, miaka ambayo Wazanzibari huiita Zama za Siasa, habari za utumwa zilipandishwa majukwaani na kuandikwa magazetini, kila upande ukichagua lile liumizalo upande wa pili. Mwezi wa Juni 1961 watu waliuana mitaani na mashambani. Mwezi wa Januari 1964 yalifuata Mapinduzi na mauaji makubwa zaidi. Sisemi kuwa hadithi pekee ndizo zilizoua; ardhi, vyeo na njaa vilikuwa na sehemu yao. Lakini hakuna aliyeishi miaka ile atakayesema kuwa namna ya kusimulia yaliyopita ni jambo la kupumbaza wageni tu. Katika mji ambao mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa mara nyingi ni mtu mmoja, kwa njia ya bibi aliyekuwa suria, neno moja lililopindwa humkata mtu pande zote mbili.

La kusikitisha zaidi ni kwamba waliodhulumiwa hawakufa bila kusema. Katika mji huuhuu, huko Kiungani, misheni ilikuwa na skuli iliyowapokea wavulana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Baadhi yao waliandika habari zao wenyewe: jinsi walivyotekwa, nani aliwauza, njia walizopita, watu waliowaacha nyuma. A. C. Madan alizitafsiri kwa Kiingereza na kitabu kikachapishwa mwaka 1887, kikiwa na jina la skuli hiyo. Sisi tunaosoma Kiswahili twapenda kuyataja maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia kwa lugha yetu, na kweli ni maandishi ya kuheshimiwa. Nyumba yake iko Shangani, na waongozaji husimama mbele ya mlango wake. Hivyo aliyeendesha misafara ana mlango na ana kitabu. Na vijana waliopitishwa katika misafara wanapewa chumba kisicho chao, hali maneno yao yapo. Mwongozaji ambaye angejifunza habari ya kijana mmoja wa Kiungani, akaisimulia kwa dakika tano katika uwanja wa kanisa, hapo mahali penyewe, angekuwa amewafanyia waliokufa jambo ambalo minyororo ya pango haiwezi kulifanya: angemfanya mtu mmoja wao kuwa mtu, mwenye kijiji na mwenye mama.

Nimekaa mno juu ya uongo wa kusema, na ni haki niutaje uongo wa kunyamaza, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko ule. Kundi likifika mbele ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, husikia habari za taa za umeme na lifti. Likifika mbele ya jumba la kumbukumbu za kifalme husikia habari za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyempenda Mjerumani akakimbia mwaka 1866 na baadaye kuitwa Emily Ruete. Ni hadithi ya mapenzi, na wageni huifurahia. Kwamba katika kitabu chake cha 1886 bibi huyo aliutetea utumwa na kuwalaumu Wazungu kwa kutouelewa, jambo hilo halitajwi. Kwamba mama yake mwenyewe alikuwa suria, aliyetekwa utotoni katika nchi ya Wacherkesi, hutajwa kwa nadra, na likitajwa hupambwa. Utumwa umepewa chumba chake Mkunazini, chini ya ardhi, ili usituharibie kasri. Huu ndio ubaya wa kuifungia dhuluma mahali pamoja: mitaa mingine yote hupata kuonekana safi.

Na hakika mitaa mingine imejaa ushahidi. Mtu akiuliza kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi ni kama mita tatu hivi, atajibiwa na dari. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito zaidi ya urefu fulani. Mikoko hiyo ilikatwa matopeni, Rufiji na kwingineko, ikafungwa matita na kupakiwa jahazini. Kuta ni matumbawe yaliyochimbwa na kubebwa vichwani. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa katika tanuu, kisha ikarojwa, kisha ikapondwa, na sakafu ya juu ikatwangwa kwa siku nyingi mpaka ikakaza. Mji ulipokuwa ukipanda ghorofa kwa ghorofa katika karne ya 19, ni nani aliyekuwa akikata, akibeba, akichoma na akitwanga? Hapana haja ya kushuka ngazi. Inatosha mwongozaji kumwambia mgeni apime chumba kwa hatua zake, kisha atazame juu.

Najua litasemwa kwamba wageni hawalipi kutazama dari. Huenda ni kweli. Kijana mwenye nyumba ya kulisha, anayegombea wateja na wenzake kumi, hawezi kulaumiwa sana kwa kuuza kile kinachonunuliwa, na lawama nyingine ni ya mnunuzi, ambaye amekuja kutoka mbali na saa mbili tu mkononi akitaka dhambi ya karne nzima aione, aililie na aipige picha kabla ya chakula cha mchana. Lakini nimewahi kumsikia mwongozaji wa makamo, katika uwanja wa Mkunazini, akiwaambia watu wake kuwa chumba kile si cha soko. Bibi mmoja katika kundi alimwuliza, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, "Basi soko lenyewe liko wapi?" Akamjibu, "Hapo, mama, ulipoweka miguu." Bibi yule alitazama chini, akasogea hatua moja, kisha akaona kuwa hata alikosogea ni hapohapo. Kundi lilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopata kuona makundi yakikaa chumbani.

Matembezi mengi humalizikia Darajani, penye soko lililojengwa mwaka 1904, baina ya harufu ya samaki na ya viungo. Mbele ya soko ipo barabara pana ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari, na upande wa pili wa maji yale, katika vibanda vya udongo na makuti, walikaa wengi wa waliokuwa watumwa na wazao wao, pamoja na maskini wengine ambao mji wa mawe haukuwataka ndani. Maji yamefukiwa, jina la Ng'ambo limebaki. Udongo na makuti vimekwenda, na pamesimama majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, na nyuma yake mitaa yenye bati, vioski vya chapati na watoto wanaocheza mpira. Kuivuka barabara hiyo, gari zikiruhusu, ni kazi ya dakika moja. Makundi niliyoyaona huvunjika upande wa huku. Mwongozaji hupokea haki yake, akawaonyesha wageni njia ya kurudi Forodhani, kisha yeye mwenyewe, maana nyumbani kwake ni huko, akavuka.